Kubadilisha Springi ya Nyuma ya Pikipiki ya Safari: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yanawahusu wenye pikipiki za safari, yaani zile ndefu zenye gurudumu kubwa la mbele na masanduku ya pembeni, zinazopita kwenye lami na kwenye changarawe vilevile: Royal Enfield Himalayan, Suzuki V-Strom, Kawasaki KLR650, Honda Africa Twin, BMW za familia ya GS na nyinginezo za aina hiyo. Mifano nimeitoa kwenye barabara zinazotoka Nakuru kwenda Kericho, Kisumu, Kakamega na Kitale, kwa sababu huko ndiko ninakoendesha, na huko ndiko springi ya kiwandani hudhihirisha upungufu wake mapema.

Nitajuaje kwamba tatizo langu ni springi ya nyuma?

Mwendeshaji anayesafiri peke yake bila mzigo huenda asione tatizo lolote kwa miaka mingi. Tatizo hujitokeza siku anapofunga masanduku mawili, hema na jerikeni, kisha akaondoka Nakuru alfajiri kuelekea Mau Summit. Mkia wa pikipiki umeinama, taa ya mbele inamulika juu hata malori yanayotoka upande wa pili yanamwashia taa kumlalamikia, usukani umekuwa mwepesi kupita kiasi, na kwenye kona za kuteremkia Kericho pikipiki inataka kutoka nje ya mstari alioukusudia. Akipita tuta ambalo jana alilipita bila wasiwasi, anasikia nyuma ikigonga, na kishindo chake kinapanda hadi kiunoni.

Hata hivyo, usiilaumu springi kabla ya kukagua mengine. Pima hewa ya tairi. Angalia ufito unaong'aa wa shokabsoba kama una oili, kwa maana ufito ukilowa, sili imekwisha. Inua gurudumu la nyuma, ulishike kwa mikono miwili na kulitikisa juu na chini. Ukihisi mchezo, beringi za mkono unaoshika gurudumu, au za viungo vilivyo chini ya shokabsoba, zimelika. Na ikiwa pikipiki ikishapita tuta inaendelea kudunda mara mbili au tatu kama mpira, tatizo liko kwenye oili ndani ya shokabsoba, na springi ngumu zaidi italizidisha badala ya kuliondoa.

Springi hufanya kazi gani, na shokabsoba hufanya kazi gani?

Springi hubeba uzito. Shokabsoba hudhibiti kasi ya springi inapobonyea na inaporudi, kwa kulazimisha oili ipite kwenye matundu madogo, na nguvu ya mitikisiko hugeuka kuwa joto. Ndiyo sababu, baada ya saa moja kwenye changarawe yenye vijituta vya mfululizo kama mgongo wa bati, shokabsoba huwa ya moto isiyoshikika, na oili yake ikishapata joto hilo huwa nyepesi na kupoteza sehemu ya nguvu zake. Springi yenyewe haidhuriwi na joto la namna hiyo.

Nimeambiwa nikaze tu nati ya springi, itakuwa ngumu. Je, ni kweli?

Si kweli, na hili ndilo kosa ninalokutana nalo zaidi kuliko mengine yote. Kukaza nati huongeza mbano wa awali, yaani kiasi ambacho springi imebanwa hata kabla ya pikipiki kuwekewa uzito. Springi ambayo ugumu wake ni nyutoni 80 kwa milimita itadai nyutoni 80 kwa kila milimita ya ziada, iwe nati imelegezwa au imekazwa hadi mwisho wa hesi zake. Kinachobadilika ni kimo ambacho pikipiki inasimama.

Mwenye springi laini akikaza nati sana, pikipiki itainuka na macho yataridhika. Lakini gurudumu linakuwa limekaa karibu na mwisho wake wa chini, kwa hiyo likikutana na shimo halina nafasi ya kushuka kulifuata. Tairi huachana na barabara, pikipiki huanguka nalo, na katika kurudi, nyuma hurushwa juu hadi shokabsoba igonge kikomo chake cha kunyooka. Ukiendesha hivyo kwenye changarawe iliyolegea ya kupandia Mlima Elgon, utahisi nyuma ikitembea kando kila unapoongeza moto.

Mshuko hupimwaje?

Mshuko ni kiasi ambacho nyuma ya pikipiki hushuka inapobeba uzito. Hapa naomba usifanye haraka, kwa kuwa vipimo hivi vitatu vina thamani kuliko ushauri wa mtu yeyote, ukiwemo wangu. Unahitaji futi ya kupimia, wasaidizi wawili na mahali palipo sawa. Sakafu ya kituo cha mafuta inafaa.

Kipimo cha kwanza huchukuliwa gurudumu la nyuma likiwa limeinuliwa na linaning'inia bila kugusa chini. Bandika kipande cha selotepu kwenye mkia wa pikipiki, wima juu ya ekseli, uchore mstari kwa kalamu, kisha upime kutoka katikati ya ekseli hadi kwenye mstari huo. Kipimo cha pili huchukuliwa pikipiki ikiwa imesimama kwa magurudumu yake, imeshikwa wima, tangi limejaa, haina mwendeshaji wala mzigo. Cha tatu huchukuliwa nawe ukiwa umeketi, umevaa kofia, buti na koti, miguu iko kwenye vikanyagio, masanduku yamejaa vile unavyosafiri, na msaidizi mmoja ameshika usukani.

Msuguano wa sili na beringi hudanganya futi. Kwa hiyo, katika kipimo cha pili na cha tatu, bonyeza nyuma kwa nguvu uiache ipande yenyewe polepole, uandike namba. Kisha iinue kidogo uiache ishuke yenyewe, uandike namba. Halafu uchukue wastani wake.

Tofauti kati ya kipimo cha kwanza na cha pili ni mshuko mtupu. Tofauti kati ya cha kwanza na cha tatu ni mshuko wa mzigo. Kwa pikipiki ya safari ambayo gurudumu lake la nyuma lina mwendo wa milimita 200 (yaani umbali linaoweza kupanda na kushuka), mshuko wa mzigo unaofaa ni takriban milimita 60 hadi 66, yaani kiasi cha thuluthi moja au pungufu kidogo, na mshuko mtupu uwe kati ya milimita 15 na 25. Ikiwa mwendo wa gurudumu lako ni mfupi, kama ule wa milimita 180 wa Himalayan ya injini ya cc 411, punguza kwa uwiano huohuo.

Nimepata mshuko wa mzigo unaofaa lakini mshuko mtupu ni mdogo sana. Mbona naambiwa springi ni laini?

Swali hili huwachanganya hata mafundi wazoefu, kwa sababu macho yanaona pikipiki isiyoshuka ikiwa tupu na akili inaamua kwamba springi ni ngumu. Fikiria pikipiki yenye vipimo hivi: gurudumu likining'inia, milimita 640, pikipiki ikiwa tupu, 632, na mwendeshaji na mzigo wake, 577. Mshuko mtupu ni 8, na wa mzigo ni 63. Hiyo 63 ni nzuri, lakini imenunuliwa kwa kukaza nati kupita kiasi, na mbano huo ndio unaoizuia pikipiki kushuka ikiwa tupu. Springi yenyewe ni dhaifu: uzito wa mtu na mzigo wake umeishusha milimita 55 nzima.

Kinyume chake pia ni kweli. Mshuko mtupu ukiwa mkubwa, tuseme milimita 35, huku mshuko wa mzigo ukiwa sawa, springi ni ngumu kuliko uzito wako, na nati imelegezwa mno ili kuficha jambo hilo.

Basi nichague springi ya ugumu gani?

Endelea na mfano huohuo. Mzigo uliishusha pikipiki kutoka 8 hadi 63, yaani milimita 55. Tunataka mshuko mtupu uwe 17 na wa mzigo ubaki 63, yaani tofauti ya milimita 46. Ikiwa springi iliyopo ni ya nyutoni 80 kwa milimita, zidisha 80 kwa 55, ugawanye kwa 46, upate karibu 96. Springi huuzwa kwa hatua, kwa hiyo utanunua ya 95. Hesabu hii ni ya makadirio, kwa kuwa viungo vya nyuma vya pikipiki nyingi hubadilisha uwiano kadiri gurudumu linavyopanda, lakini hunisogeza karibu sana na jibu sahihi.

Viwanda havitumii kipimo kimoja. Nyutoni 80 kwa milimita ni sawa na takriban kilo 8.2 kwa milimita, au ratili 457 kwa inchi; ile ya 95 ni kilo 9.7, au ratili 542. Andika namba pamoja na kipimo chake unapoagiza.

Pima ukiwa na mzigo wa safari zako za kawaida. Mtu anayempakia mwenzake mara mbili kwa mwaka, kisha akanunua springi ya watu wawili, atakaa miezi kumi na mmoja akirushwarushwa na kila jiwe kati ya Kakamega na Webuye.

Springi ya ugumu mmoja au inayozidi kuwa ngumu, ipi ni bora?

Springi ya ugumu mmoja ina mizunguko iliyoachana kwa nafasi sawa. Ile nyingine ina mizunguko iliyokaribiana upande mmoja, ambayo hushikana kwanza, na baada ya hapo springi huwa ngumu zaidi. Ya pili humfaa mwenye uzito unaobadilika sana kati ya siku na siku. Kwa pikipiki ambayo viungo vyake vya nyuma tayari huongeza ugumu vyenyewe, mimi huchagua ya ugumu mmoja, kwa sababu ni rahisi kuipima na kuitabiri.

Je, naweza kuikata springi yangu, au kuchukua ya pikipiki nyingine?

Kukata, hapana. Ni kweli kwamba springi ikipunguzwa mizunguko huwa ngumu: ukitoa mzunguko mmoja kati ya minane inayofanya kazi, ugumu hupanda kwa asilimia 14 hivi. Lakini umepoteza urefu, kwa hiyo mbano wa awali unaohitajika haupatikani, na ncha iliyokatwa haikai sawa kwenye kikombe chake. Moto wa gesi au wa jiwe la kusagia huondoa ugumu wa chuma hapo ulipopita, na hapo ndipo springi itakapovunjika.

Nayasema haya kwa uchungu. Miaka kadhaa iliyopita nilikubali karakana moja inikatie springi, nikilenga kuokoa pesa. Kwa sababu ncha haikuwa bapa, springi ilisukuma shokabsoba kwa upande mmoja. Ufito ukachubuka mstari mwembamba, mwembamba kama uzi, ambao niliuona tu nilipopitisha ukucha juu yake, na sili ikaliwa na mstari huo. Oili ilimalizika karibu na Chemelil, katikati ya mashamba ya miwa, na nilifika Kisumu kwa mwendo wa baiskeli nikiwa nimepoteza shokabsoba nzima kwa ajili ya springi moja.

Ya pikipiki nyingine inawezekana, ikiwa vipimo vinne vinalingana: kipenyo cha ndani, urefu ikiwa huru, ugumu, na nafasi yake ya kubonyea. Hiki cha mwisho husahauliwa. Springi yenye urefu wa milimita 230, waya wa milimita 13 na mizunguko 9 itashikana yote ikifikia milimita 117, kwa hiyo ina nafasi ya 113. Toa mbano wa awali wa 15, inabaki 98, na hiyo inatosha shokabsoba yenye mwendo wa milimita 80. Kama ingekuwa haitoshi, springi ingegeuka bomba la chuma kabla shokabsoba haijafika kwenye mpira wake wa mwisho, na kitu kingevunjika. Usiukadirie unene wa waya kwa macho, pima kwa kalipa: ugumu hufuata unene huo ukizidishwa wenyewe kwa wenyewe mara nne, kwa hiyo waya wa milimita 13 badala ya 12, mengine yote yakiwa sawa, huleta springi ngumu zaidi kwa asilimia 38.

Je, ni lazima nibadilishe shokabsoba nzima?

Si lazima. Springi ngumu zaidi hurudi kwa nguvu zaidi, na oili ndiyo inayopaswa kuizuia. Kwa maoni yangu, ongezeko la kama sehemu moja ya kumi hubebwa vizuri na shokabsoba iliyo nzima. Likifika sehemu moja ya tano, kama katika mfano wetu, utahitaji kukaza skrubu ya kudhibiti mrudisho, yaani kasi ya springi inaporudi. Na kama shokabsoba yako haina skrubu hiyo, kama ile ya Himalayan ya 411, basi ifunguliwe na kurekebishwa vali zake na fundi mwenye vifaa, au inunuliwe nyingine. Öhlins ya Uswidi, Hyperpro na Tractive za Uholanzi, Wilbers ya Ujerumani na YSS ya Thailandi hutengeneza shokabsoba za pikipiki, na nyingi huuzwa na springi iliyochaguliwa kwa uzito wako.

Shokabsoba nyingi za pikipiki hizi zina gesi ya nitrojeni yenye shinikizo kubwa. Kubadilisha springi hakuhitaji kuigusa gesi hiyo, na fundi anayetaka kutoboa au kuchomelea mwili wa shokabsoba azuiwe.

Springi hupatikana wapi?

Mara nyingi huagizwa kutoka nje. Ni chuma kizito, kwa hiyo usafirishaji huongeza bei, na juu yake kuna ushuru wa forodha na VAT ya asilimia 16. Agiza ukiwa na vipimo vyako vyote, maana kurudisha springi isiyoingia ni gharama mara mbili.

Je, fundi wa hapa kwetu anaweza kuifunga?

Anaweza, na wapo wa Nakuru na Kisumu ninaowaamini kwa moyo wote, mradi awe na kibanio cha springi cha kweli. Springi ya nyutoni 95 iliyobanwa milimita 15 inasukuma kwa nyutoni 1,425, ambayo ni kama uzito wa kilo 145. Nguvu hiyo imezuiwa na kipete kidogo cha chuma. Nimeona watu wakiibana kwa kamba na bisibisi, na nimesimama mbali nao.

Pikipiki huegemezwa kwenye stendi ya kati au kwenye jeki iliyowekwa chini ya injini, ikafungwa kwa mikanda isianguke, na gurudumu la nyuma likapewa kipande cha ubao ili lisining'inie bolti zinapotoka. Shokabsoba hutolewa ikiwa imekamilika, ikaoshwa, kwa kuwa udongo mweusi wa Kano ukikauka kwenye hesi za nati huwa kama saruji na ukilazimisha nati utaziharibu. Nati hulegezwa hadi mwisho, springi ikabanwa kwa kibanio, kipete kikatolewa, springi mpya ikaingia ikitazama upande uleule. Kabla ya kurudisha, toa beringi za viungo, zioshe na uzipake grisi. Hutapata nafasi nzuri kuliko hiyo. Bolti zikazwe kwa spana ya kupimia, kwa namba zilizo kwenye kitabu cha pikipiki yako.

Vipi kuhusu springi za mbele?

Ukiinua nyuma, uzito unahamia mbele na usukani unakuwa mwepesi kugeuka. Kama mbele ni laini, sasa itazama zaidi unapofunga breki. Pima mshuko wa mbele kwa njia ileile kabla ya kuamua chochote.

Nikimpakia abiria mara mojamoja nifanyeje?

Hapo ndipo mbano wa awali unapofanya kazi yake halali. Mke wangu na mimi tunapoenda Kitale, naongeza mizunguko ya nati niliyoihesabu na kuiandika kwa rangi kwenye fremu, chini ya kiti, kisha naipunguza tukirudi. Pikipiki yenye kirungu cha kuzungusha kwa mkono hukurahisishia jambo hili sana. Ongeza pia hewa ya tairi la nyuma kama kitabu kinavyoagiza.

Baada ya kufunga, nikague nini?

Rudia vipimo vitatu siku hiyohiyo. Pima ulegevu wa cheni nawe ukiwa umeketi, kwa sababu kimo kipya hubadilisha umbali kati ya gia ya mbele na ya nyuma. Rekebisha taa ya mbele. Angalia stendi ya pembeni: pikipiki iliyoinuka huegemea zaidi, na kwenye mteremko wa Nandi inaweza kulala usipokuwa makini unapoiegesha.

Kisha funga kamba ndogo ya plastiki ya kufungia nyaya kwenye ufito wa shokabsoba, iguse sili, na uende njia unayoijua. Kamba itasukumwa na kubaki pale shokabsoba ilipofika. Ikiwa baada ya barabara mbaya imebakisha nafasi kidogo kabla ya mpira wa mwisho, springi ni yako. Ikiwa imegandamizwa kwenye mpira kila siku, rudi kwenye hesabu. Chora mstari wa rangi kati ya nati na mwili wa shokabsoba, na baada ya kilomita 500 uutazame kwa tochi: mistari miwili ikiwa imeachana, nati imezunguka, nayo ikazwe tena pamoja na ile inayoifunga.